Namna ya Kufuatilia Manispaa ya Mashambani Iliyofutwa Norwe: Strinda Ikiwa Mfano

Ukitaka kuandika habari za manispaa ya mashambani iliyofutwa Norwe, iwe ni makala ya ensaiklopidia, tasnifu au historia ya ukoo, usianze na jina. Anza na mwaka. Jina lilelile linaweza kushika eneo kubwa mwaka 1850, dogo zaidi mwaka 1900, na mwaka 1960 likawa limemegwa tena upande wa mjini. Wanaoanza na jina huishia kulinganisha idadi ya watu wa maeneo mawili tofauti, kisha wakaandika kwamba watu walihama kumbe ni mpaka uliohama.

Mfano wetu ni Strinda, iliyopakana na mji wa Trondheim hadi 1 Januari 1964. Tumeichagua kwa kuwa mitego karibu yote imo. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa Aker (iliingia Oslo 1948), Tromsøysund (Tromsø 1964), Oddernes (Kristiansand 1965), Bodin (Bodø 1968), Borgund (Ålesund 1968), Sandar (Sandefjord 1968), Fana (Bergen 1972) au Sem (Tønsberg 1988).

Jua kilichofutwa ni kitu gani

Serikali za mitaa za Norwe zilitokana na sheria za 14 Januari 1837, zilizoanza kazi mwaka uliofuata. Kwa ujumla kila parokia ya kanisa la Kilutheri, yaani prestegjeld, iligeuzwa kuwa wilaya ya utawala. Za mashambani ziliitwa herred na baraza lake likaitwa herredsstyre. Miji yenye haki za biashara, kjøpstad na ladested, ilikuwa na mabaraza yake mbali.

Tofauti hiyo ilikuwa ya kisheria. Haikuhusu sura ya nchi. Strinda ilipofutwa ilikuwa na watu 44,600, wengi wao wakiishi katika mitaa iliyojengwa vizuri na kufanya kazi mjini, na bado kwenye karatasi ilikuwa herred. Kwa hiyo ukikuta neno hilo usikimbilie kuchora picha ya ng'ombe na mabanda ya nyasi.

Kwa idadi: zilianza kama 390 hivi mwaka 1838, zikagawanyika hadi kufika kilele cha 747 mwaka 1930, kisha Kamati ya Schei, iliyoundwa 1946, ikapendekeza ziunganishwe. Mwaka 1967 zilibaki 454. Mageuzi ya 2020 yaliziteremsha kutoka 428 hadi 356, na tangu 2024 ni 357. Ukikutana na manispaa iliyofutwa usiyoijua, miaka ya kubahatisha kwanza ni kati ya 1958 na 1967.

Tengeneza jedwali la mipaka kabla ya kusoma takwimu yoyote

Idara ya takwimu ya Norwe, SSB, ilitoa mwaka 1999 ripoti ya Dag Juvkam inayoorodhesha mabadiliko ya mipaka ya manispaa na mikoa tangu 1838. Inapatikana bure kwenye tovuti yao. Tafuta manispaa yako humo, kisha andika jedwali lenye safu tano: tarehe, kilichotokea, manispaa nyingine iliyohusika, idadi ya watu waliohamishwa, na ukurasa ulikotoa habari. Usiruke safu ya mwisho, maana utarudi hapo si chini ya mara kumi.

Kwa Strinda jedwali linakuwa hivi kwa ufupi:

- 1838: inaundwa kutokana na parokia.
- 1864: sehemu iliyo jirani na mji inahamishiwa Trondheim.
- 1 Januari 1891: upande wa mashariki unajitenga na kuwa manispaa ya Malvik.
- 1893: sehemu nyingine inahamishiwa Trondheim.
- 1952: Lade inahamishiwa Trondheim.
- 1 Januari 1964: Strinda, Byneset, Leinstrand na Tiller zinaunganishwa na Trondheim.

Tazama mstari wa 1891. Sensa ya taifa ya mwaka huo ilichukua hali ya tarehe 1 Januari 1891, siku ileile Malvik ilipozaliwa. Sensa iliyotangulia, ya 31 Desemba 1875, ilikuwa bado inaihesabu Malvik ndani ya Strinda. Ukizilinganisha sensa hizo mbili bila kurekebisha, watu wa Malvik wataonekana kama wametoweka Strinda, na kwa kuwa huo ndio wakati Wanorwe wengi walikuwa wakihamia Marekani, maelezo ya uongo yanakuja yenyewe mdomoni. Dawa ni kujumlisha Malvik na Strinda za 1891 ndipo ulinganishe na 1875. Kwa 1893 na 1952 fanya kinyume chake: ondoa eneo lililohamishwa kutoka kwenye takwimu za zamani. Ukishindwa kuliondoa, sema wazi kwamba takwimu za pande mbili si za eneo moja.

Mstari wa 1964 nao una hesabu inayofaa kufanywa kwa mkono. Byneset ilikuwa na watu 2,049, Leinstrand 4,193, Tiller 3,595 na Strinda 44,600. Jumla ni 54,437. Trondheim yenyewe ilikuwa na 56,982. Kwa maneno mengine, mji ulipokea watu karibu sawa na waliokuwa ndani yake, na wanne kati ya kila watano waliopokelewa walitoka Strinda. Anayeandika kwamba "mji ulimeza vijiji vya pembeni" hajafanya hesabu hiyo.

Fuatilia pia watoto na mama zao. Tiller ilijitenga na Klæbu mwaka 1899 na kuingia Trondheim 1964. Klæbu ikabaki peke yake hadi 2020, ndipo nayo ikaingia. Mtu aliyezaliwa Tiller mwaka 1890 amezaliwa Klæbu kwa mujibu wa nyaraka.

Angalizo dogo: miungano mikubwa karibu yote ilianza 1 Januari, lakini marekebisho madogo ya mpaka yaliweza kuanza 1 Julai au siku nyingine. Andika tarehe kamili, si mwaka tu.

Majina yaliyobadilika na namba zilizobadilika zaidi

Katika nyaraka za karne ya 19 utaikuta Strinden, si Strinda, nao mji unaandikwa Trondhjem. Mji huo uliitwa Nidaros kuanzia mwanzo wa 1930 hadi Machi 1931, kisha ukawa Trondheim. Mkoa uliitwa Søndre Trondhjems amt hadi mwisho wa 1918, Sør-Trøndelag fylke kuanzia 1919, na tangu 1 Januari 2018 ni Trøndelag baada ya kuungana na ndugu yake wa kaskazini. Unapotafuta kwenye mfumo wowote, jaribu kila tahajia: aa badala ya å, hjem badala ya heim, na kiishio -en badala ya -a.

Kisha kuna majina pacha. Nes zilikuwa tatu zinazojulikana, katika mikoa ya Akershus, Buskerud na Hedmark. Våler ziko mbili, Østfold na Hedmark. Os, Bø na Herøy nazo zimewahi kuwa na pacha zao. Usiandike jina bila mkoa, hata kwenye daftari lako mwenyewe.

Namba ya manispaa, kommunenummer, ina tarakimu nne, mbili za kwanza zikiwa za mkoa. Strinda ni 1660. Namba hii haina kazi tena serikalini, lakini kwenye kumbukumbu za kidijitali ndiyo ufunguo wa kila kitu. Trondheim ilikuwa 1601 na sasa ni 5001. Bergen ilikuwa 1201 na sasa ni 4601. Tromsø imetoka 1902 ikaenda 5401 na sasa 5501. Haram ni mfano mzuri wa jinsi mambo yanavyoweza kuchanganya: ilikuwa 1534, ikaingia Ålesund mwaka 2020, wananchi wakadai kutoka, ikazaliwa upya 1 Januari 2024 kwa namba 1580. Programu ya jedwali inayounganisha data kwa namba peke yake itaziona Haram hizo mbili kama watu wasiojuana.

Sensa: soma kichwa cha habari kabla ya majina

Fungua Digitalarkivet, tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa. Ni bure, na hufunguka popote duniani. Sensa zenye majina ya watu wa mashambani ni za 1801, 1865, 1875, 1891, 1900, 1910 na 1920. Ile ya 1885 ni ya mijini tu, usiisumbukie. Sensa hufungwa kwa miaka 100, hivyo ya 1930 itafunguliwa Desemba 2030.

Kichwa cha kila sensa kinakuambia eneo lililohesabiwa. Ukiona 1660P, herufi P inamaanisha parokia, prestegjeld. Ukiona 1660 bila P na neno herred, hiyo ni manispaa. Sensa za 1865 na 1875 zimepangwa kwa parokia, za 1900 na 1910 kwa manispaa. Mara nyingi mipaka hiyo miwili ililingana, lakini si kila mara, na parokia moja iliweza kuwa na manispaa mbili ndani yake. Watu wengi hukosea hapa hata baada ya miaka ya kazi.

Mambo ya kutazama ndani:

Mahali pa kuzaliwa. Aliyeandikwa "Strinden" mwaka 1875 anaweza kuwa mtoto wa Malvik kabisa. Sensa ya 1900 inaandika manispaa ya kuzaliwa, lakini mjibu maswali ndiye aliyechagua kusema jina la zamani au jipya, na wazee walisema la zamani.

Mifugo na mbegu. Sensa za 1865 na 1875 zinataja farasi, ng'ombe, kondoo na kiasi cha nafaka na viazi vilivyopandwa kwa kila kaya. Kwa anayetaka kuonyesha manispaa ilikuwa ya wakulima kweli au ya wafanyakazi wa mjini waliopanga, hakuna ushahidi mzuri kuliko huo. Hesabu kaya zisizo na hata mbuzi mmoja katika kila eneo la kuhesabia, tellingskrets, kisha weka matokeo kwenye ramani. Mpaka wa kweli kati ya mji na shamba utajichora wenyewe, na mara nyingi haukai pale sheria ilipouweka.

Tarehe ya kuzaliwa. Sensa ya 1910 ina siku, mwezi na mwaka. Itumie kuthibitisha watu uliowapata kwenye sensa nyingine wakiwa na umri wa kukadiria. Ya 1891 inachosha: kila mtu aliandikiwa karatasi yake mwenyewe, kwa hiyo itafute kwa eneo la kuhesabia na uiache iwe ya mwisho.

Mashamba na namba zake

Mashambani Norwe anwani ya zamani si mtaa, ni shamba. Mtu alichukua jina la shamba alilokaa, na akihama aliweza kubadili. Kwa hiyo "Moholt" nyuma ya jina la mtu wa 1840 inakuambia alikokaa, haikuambii ukoo wake.

Rejista ya mashamba ya 1838 ilitumia namba mbili, matrikkelnummer na løpenummer, na thamani ya kodi kwa skylddaler, ort na skilling. Daler moja ni ort 5, ort moja ni skilling 24. Rejista ya 1886 ilileta mfumo unaotumika hadi leo: gårdsnummer kwa shamba mama, bruksnummer kwa kila kipande kilichokatwa kutoka humo, na thamani kwa skyldmark na øre. Usijaribu kubadili daler kuwa mark kwa kuzidisha tu, kwa sababu thamani zilipangwa upya. Njia sahihi ni kutumia rejista ya 1886 kama daraja, maana inataja namba ya zamani kando ya mpya. Ya 1950, ambayo haikukamilika kuwa rasmi, inafaa kwa kuonyesha wamiliki wa mwisho kabla ya matrekta ya wajenzi kufika.

Kinachoharibika zaidi ni hiki: manispaa zilipounganishwa, kila moja ilikuwa na shamba namba 1, namba 2 na kuendelea. Ili zisigongane, mashamba ya baadhi yao yalipewa namba mpya, mara nyingi kwa kuongezewa mamia. Namba utakayoikuta leo kwenye ramani ya Kartverket, mamlaka ya ramani ya Norwe, huenda siyo iliyo kwenye hati ya 1920. Chukua mashamba matatu ambayo majina yake hayana utata, linganisha namba za 1886 na za leo, na kama tofauti ni ileile kwa yote matatu basi umepata kanuni. Kama si ileile, utalazimika kwenda shamba kwa shamba.

Kwa maana na tahajia za kale za majina ya mashamba kuna kazi kubwa ya Oluf Rygh, Norske Gaardnavne, iliyochapwa kati ya 1897 na 1924 na sasa inatafutika mtandaoni. Imepangwa kwa mkoa, kisha herred, kisha namba za 1886. Asili za majina anazopendekeza zichukue kama rai ya mtaalamu wa zama zake. Orodha yake ya tahajia kutoka hati za zamani ndiyo hazina.

Mihtasari ya vikao

Manispaa inapofutwa, madaftari yake huenda kwa mrithi. Za Strinda, Tiller, Leinstrand na Byneset ziko katika hifadhi ya jiji, Trondheim byarkiv, iliyomo ndani ya Dora, ghala la zege ambalo Wajerumani walilijenga wakati wa Vita vya Pili kwa ajili ya nyambizi zao. Hifadhi ya serikali ya mkoa imo humohumo. Kwingineko madaftari huwa kwenye hifadhi za pamoja za manispaa kadhaa, ambazo jina lao huanza na IKA.

Andika barua pepe kabla ya kwenda. Taja jina la manispaa, miaka, na aina ya daftari. Aina za kuomba ni nne: mihtasari ya herredsstyre, ya bodi ya shule (skolekommisjon, baadaye skolestyre), ya kamati ya maskini (fattigkommisjon, baadaye fattigstyre), na ya kamati ya afya iliyoanzishwa chini ya sheria ya 1860. Habari za siri za watu binafsi kwa kawaida hufungwa miaka 60, na za ulinzi wa watoto huweza kufungwa zaidi. Madaftari ya kabla ya mwisho wa karne ya 19 yameandikwa kwa mwandiko wa Kigothi. Jifunze herufi zake wiki moja kabla, hasa e, n, r na s, la sivyo utakaa mbele ya daftari ukitazama mawimbi.

Usisome tangu mwanzo. Anza na miaka miwili ya mwisho, ambapo baraza lilijadili kuunganishwa. Kisha soma miaka miwili inayozunguka kila tarehe ya jedwali lako la mipaka. Baada ya hapo nenda kwenye daftari la maskini, kwa sababu ndipo manispaa ilipolazimika kusema nani ni wake na nani si wake. Sheria iliipa kila wilaya wajibu wa kumtunza maskini mwenye haki ya ukazi kwake, hjemstavn, na wilaya jirani zilirushiana bili kwa ukali. Barua hizo zinaonyesha utambulisho wa mahali kuliko hotuba yoyote ya sikukuu, maana hapa kuwa mtu wa Strinda kulikuwa na bei.

Kuhusu muungano wenyewe, tofautisha mambo matatu: kura ya baraza, kura ya maoni ya wananchi kama ilipigwa, na uamuzi wa Bunge, Storting, ambalo ndilo lililokuwa na neno la mwisho. Majadiliano ya Bunge yamewekwa kwenye tovuti yake. Baraza kukubali hakumaanishi watu walikubali. Gazeti la Adresseavisen, lililoanza 1767, lina barua za wasomaji za miaka hiyo. Magazeti mengi ya maktaba ya taifa husomeka ndani ya maktaba za Norwe tu, na vitabu vingi vya historia ya mahali, bygdebok, vinahitaji intaneti ya Norwe.

Utambulisho hukaa wapi baada ya manispaa kuondoka

Tuseme waziwazi msimamo wetu: katika manispaa nyingi za aina hii, watu hawakuwahi kujihisi raia wa herred kwanza. Walikuwa watu wa kanisa fulani, shule fulani, kiwanda fulani. Herred lilikuwa ofisi ya kodi na meya. Lilipoondoka, ofisi iliondoka na vingine vikabaki. Kwa hiyo utambulisho utafute kwa ngazi ya chini.

Ndani ya Strinda, Ranheim ni kijiji cha kiwanda cha karatasi chenye klabu ya michezo iliyoanzishwa 1901. Bratsberg ina kanisa lake la mbao kule juu. Lade ina kanisa la mawe la zama za kati, nayo ilikwisha kuwa ya mjini miaka 12 kabla ya Strinda kufa. Ukiwaweka wote hao chini ya "utambulisho wa Strinda" utakuwa umeandika kitu ambacho hakuna kati yao atakayekitambua.

Pima kwa vitu vinavyoshikika. Andika kila taasisi yenye jina la manispaa ya zamani, na kando yake mwaka ilipoanzishwa. Zilizoanzishwa kabla ya muungano zimerithi jina. Za baadaye zimelichagua, na hizo ndizo zenye uzito. Benki za akiba ni ushahidi mzuri, kwa kuwa katika karne ya 19 wilaya nyingi zilianzisha yake: Fana Sparebank, kwa mfano, ni ya 1878. Tazama pia vyama vya historia ya mahali, historielag. Chama cha Strinda kina wiki yake mtandaoni, WikiStrinda, yenye makala za mashamba, mitaa na watu. Ni pa kuanzia pazuri mno, lakini kila tarehe uliyoitoa humo irudishe kwenye hati.

Nembo zitakupotosha. Manispaa nyingi zilizofutwa miaka ya 1960 hazikuwahi kuwa na nembo rasmi, maana wimbi la nembo lilikuja baadaye. Kanuni iliyofuatwa ilitaka rangi mbili tu, moja ya madini (dhahabu au fedha) na moja ya kawaida. Ukikuta ngao ya herred la 1955 yenye rangi nne na mandhari ya mlima, hiyo ni kumbukumbu ya watalii.

Vazi la taifa, bunad, lishughulikie kwa tahadhari ileile. Bunad nyingi zilibuniwa au kukusanywa upya katika karne ya 20 kutokana na vipande vya nguo za zamani, na taasisi ya bunad iliyoko Fagernes huzigawa katika makundi matano kulingana na umbali wake na vazi la asili. Uliza ya mahali pako iko kundi gani kabla ya kuandika "vazi la kale". Sweta lenye vifungo la Fana, lenye mistari ya vitone, nyota za petali nane na pindo la miraba kama ubao wa drafti, limeishi kuliko manispaa iliyolipa jina. Wengi wanaolifuma hawajui kuna Fana iliyofutwa.

Lugha ya maandishi, yaani nynorsk au bokmål, aina mbili za Kinorwe cha kuandika, iliamuliwa kwa kura katika maeneo ya shule. Nynorsk ilifika kilele mwaka 1944, ikitumiwa na asilimia 34.1 ya wanafunzi. Matokeo ya kura hizo yako kwenye daftari la bodi ya shule, na huonyesha mpasuko wa ndani ambao wastani wa manispaa unauficha.

Kwa lahaja, rekodi wasemaji wazee na usikilize vitu vinne: wanavyosema "mimi" (eg, e, æ, i), kitenzi kinavyoishia au kukatwa mwisho, l nzito ya kukunja ulimi, na n au l zilizolainishwa mwisho wa neno. Pata ruhusa ya maandishi kwanza. Kama uko chuo kikuu, fomu ya taarifa hupelekwa Sikt, shirika la serikali la huduma za data za utafiti, angalau siku 30 kabla ya kuanza kukusanya.

Maswali yako yasiwe ya kinadharia. Ukimwuliza mzee "Je, unajiona mtu wa Strinda?" atakujibu ndiyo kwa adabu. Muulize hivi: Ulisoma shule ipi ya msingi? Tarehe 17 Mei, sikukuu ya taifa ya Norwe, maandamano ya watoto yalianzia wapi na kuishia wapi? Wazazi wako wamezikwa kwenye makaburi gani? Mlipokuwa mkisema mnakwenda mjini, mlimaanisha wapi, na mlipanda basi au mlitembea? Mkiangalia mechi, mlishangilia klabu gani, na ipi hamkuipenda? Majibu hayo matano yaweke kwenye ramani kwa kila mtu. Watu kama 15 kutoka pande zote wanatosha kuona duara zinavyojipanga, na mara chache duara hilo hulingana na mpaka wa 1963.

Idadi ya watu wa eneo hilo leo

SSB haitoi takwimu za manispaa zilizofutwa, lakini inatoa za vieneo vidogo, grunnkrets, vilivyoanzishwa pamoja na sensa ya 1980. Kila kimoja kina namba ya tarakimu nane: nne za manispaa, nne zake. Pakua ramani ya vieneo hivyo kutoka Kartverket, weka mpaka wa zamani juu yake, chagua vilivyo ndani, jumlisha. Kwa vinavyokatwa na mpaka, fungua picha za angani za norgeibilder.no uone nyumba ziko upande gani, kisha gawa kwa hesabu ya nyumba, usigawe kwa ukubwa wa ardhi. Msitu ni mkubwa na hauna watu. Toa jibu kwa mamia, usitoe hadi mtu mmoja. Usahihi huo haupo.

Picha za zamani za ulalo zilizopigwa na Widerøe kutoka ndegeni, kuanzia miaka ya 1930, zinaonyesha shamba moja moja na majengo yake. Nyingi ziko kwenye hifadhi na maktaba, na nyingine zimetundikwa sebuleni mwa watu wenyewe.

Kabla ya kuchapisha

Katika sentensi ya kwanza weka jina, mkoa wa wakati ule, mkoa wa sasa, mwaka wa kuanza, tarehe ya kufutwa na manispaa iliyorithi. Kila takwimu ya watu iwe na mwaka na maneno "kwa mipaka ya" mwaka fulani. Usiandike kwamba mtu wa 1870 alizaliwa "Trondheim" kwa kuwa tu shamba lake sasa lina kituo cha basi cha mjini.

Mwisho, tuma rasimu kwa historielag ya mahali. Usiombe "maoni" kwa jumla, kwa sababu utapata shukrani. Tuma maswali yenye namba: je, mpaka wa eneo hili la shule ulipita mtoni au barabarani, je, shamba hili liliitwa hivi na wenyeji, je, jengo la ofisi ya herred liko wapi na linatumika kwa nini sasa. Wape wiki tatu, na usiwaandikie Julai, maana nchi nzima iko likizo.